Wifi ataniona bahili nikiwapelekea watoto vipande vya mbao

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu ni mwenyeji wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, na kama ilivyo desturi ya watu wa kwao, kila Desemba shule zikishafungwa tunafungasha na kupanda basi kwenda kula Krismasi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa wakwe zangu. Huko hukusanyika wajukuu tisa. Wangu ni wa kiume mwenye miaka 7, wa kike mwenye miaka 4, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Wifi yangu anayeishi Arusha ana watoto wa miaka 11, 8 na 5. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi na shamba la kahawa, ana wa miaka 10, 6 na 3.

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo wiki moja kabla ya safari nikatumia shilingi 180,000. Nilinunua gari la polisi linalowaka taa na kupiga king'ora, mdoli unaoimba ukibonyezwa tumboni, kinanda cha betri, na vingine vya namna hiyo hiyo, kila mtoto na chake. Wifi naye alileta vyake, vikubwa kuliko vyangu na vyenye sauti zaidi. Asubuhi ya Krismasi watoto walipiga vigelegele na mimi nilijiona mtu. Ilipofika tarehe 27, gari la polisi lilikuwa limekatika ekseli, mdoli ulikuwa umeishiwa betri katikati ya wimbo, na watoto wawili hawasemeshani kwa sababu ya kinanda.

Kesho yake niliwakuta chini ya migomba nyuma ya nyumba. Walikuwa wamechukua boksi la kinanda, majani makavu ya migomba, ndoo iliyotoboka na matofali mawili, wakafungua hoteli. Mtoto wa shemeji wa miaka 10 alikuwa mpishi. Binti yangu alikuwa mteja mkorofi anayelalamika kwamba chai imepoa. Hoteli ile ilidumu siku nne, hadi tulipoondoka. Mimi nilikaa barazani nikiwatazama huku nikijumlisha fedha zangu kichwani.

Mwaka huu nimetenga shilingi 120,000, na nafikiria kuwapelekea vitu visivyowaka wala kulia, kama vipande vya mbao vya kujengea, vitambaa na kamba, yaani vitu wanavyoweza kuvigeuza wapendavyo. Mume wangu amesema nifanye ninavyoona. Hofu yangu ni watu. Wifi ameshatangaza katika kundi la familia la WhatsApp kwamba wanawe watakuja na vishikwambi vipya na kwamba wengine nao amewaandalia makubwa. Mama mkwe ni mtu mwema lakini ana ulimi. Ninaweza kumsikia tangu sasa akisema kwamba watu wa mjini wamewaletea wajukuu wake kuni. Mwanangu mkubwa anaomba gari la rimoti tangu Pasaka, na mwanangu mdogo hutia kila kitu kinywani. Mama, je, nitakuwa ninawanyima watoto furaha ya sikukuu kwa sababu ya wazo langu tu? Na nikiamua hivyo, nitafanyaje ili nisionekane bahili?

Mama wa Watatu, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na naona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitaanza na la kwanza kwa sababu majibu yake umeyaandika wewe mwenyewe katika habari za ile hoteli.

Gari la polisi lina kazi moja, na kazi hiyo linaifanya lenyewe. Linawaka, linalia, linakwenda mbele, linagonga ukuta, linageuka. Mtoto amebakiwa na kubonyeza, na baada ya kubonyeza mara thelathini amemaliza kulijua, ndipo anaanza kulipiga chini ili aone kama litafanya jambo jipya. Watu wazima tunauita huo uharibifu, nami nimeuita hivyo kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa chekechea, kabla sijatambua kwamba mtoto anayebomoa gari anatafuta kazi ambayo gari limemnyima. Boksi la kinanda, kwa upande wake, halikuwa na kazi yoyote. Kwa hiyo likawa kaunta, na ninaamini kwamba katika siku zile nne liliwahi kuwa jiko, mlango na hata kitanda cha mgonjwa.

Ukiingia dukani, basi, usiulize kwanza kitu hiki kinafanya nini. Uliza kikishafanya chake, mtoto amebakiwa na nini cha kufanya. Swali hilo litakusaidia zaidi kuliko kanuni ya kukataa betri, ambayo wazazi wengi huishika na ambayo mimi siikubali. Tochi ina betri, lakini tochi haimwamuru mtoto lolote: mpe mtoto wa miaka 8 tochi usiku wa kihambani, atafanya vivuli vya wanyama ukutani, atapeleka ishara kwa binamu yake aliye upande wa pili wa migomba, atawinda mazimwi chini ya kitanda. Nako kuna mafumbo ya picha ya mbao, ghali na ya kupendeza, yasiyo na betri hata moja, ambayo yana jibu moja tu. Mtoto akishalipata mara tatu, kazi imekwisha. Sisemi fumbo ni baya, bali mbao peke yake si sifa.

Kuhusu mdoli unaoimba nina neno la ziada, kwa kuwa una mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alichapisha mwaka 2016 utafiti ambao ndani yake wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 walirekodiwa wakicheza nyumbani kwao. Vichezeo vya elektroniki vilipokuwa vinalia, wazazi walisema maneno machache kuliko walipokuwa na vitabu au vichezeo vya kawaida; mzazi humwachia mdoli azungumze, na mtoto naye hutoa sauti chache kuliko anapofunguliwa kitabu. Mtoto wa umri huo anajifunza kusema kutoka kwako na kwa bibi yake, na kihamba chenye watu kumi na tano wanaozungumza ni darasa ambalo hakuna kiwanda kitakachokuuzia.

Sasa idadi. Ulinunua tisa, wifi akaleta tisa, na bila shaka shemeji na mama mkwe nao walitoa chochote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza katika chumba, safari moja kikiwa na vichezeo 4 na safari nyingine 16. Vilipokuwa vinne, watoto walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Ninakutajia haya kwa sababu utashawishika, kwa hofu ya kuonekana bahili, kujaza pengo la ukubwa kwa wingi wa vidogo vidogo, na hapo utakuwa umerudi Kariakoo ya mwaka jana kwa mlango wa nyuma.

Ushauri wangu ni kwamba ununue zawadi moja kubwa ya ua mzima, itakayobaki nyumbani kwa bibi, kisha umpe kila mtoto kitu kimoja kidogo kilicho chake mwenyewe. Hicho cha pili usikiache, kwa maana mtoto wa miaka 5 akiambiwa kwamba zawadi ni ya wote, husikia kwamba hakupewa.

Zawadi kubwa iwe hayo matofali ya mbao uliyoyafikiria, lakini tafadhali usiyabebe kutoka Dar es Salaam. Vipande sitini vya ukubwa unaofaa vina uzito wa zaidi ya kilo kumi, na wewe una mtoto mgongoni. Isitoshe, unakwenda mahali penye mbao: Rongai, huko huko Rombo, kuna shamba la miti la serikali la misindano na misaiprasi, na seremala wa Tarakea au Mkuu anajua mbao hizo kuliko anavyozijua fundi wa Keko huko Dar es Salaam. Mpigie simu shemeji yako wiki hii, kabla maseremala hawajazidiwa na oda za vitanda na makochi ya Krismasi, na umwombe apatane bei kabla msumeno haujagusa ubao.

Vipimo ndivyo vinavyotofautisha zawadi na kuni, kwa hiyo nitavieleza polepole. Kila kipande cha msingi kiwe na urefu ulio mara mbili ya upana, na upana ulio mara mbili ya unene; sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5 ni kipimo kinachoenea mkono wa mtoto. Huo ndio uwiano aliouchagua Caroline Pratt, mwalimu wa New York aliyeanzisha shule yake mwaka 1914, na matofali ya kipimo chake bado yamo katika madarasa ya watoto wadogo hadi leo. Sababu yake ni kwamba vipande viwili vya nusu hukaa sawasawa juu ya kimoja kizima, na viwili vizima hulingana na kimoja kirefu, hivi kwamba mtoto wa miaka 6 aliyepungukiwa na kipande kirefu atagundua mwenyewe kwamba viwili vifupi vinakitosheleza, na hapo amejifunza hesabu za sehemu bila ya chaki. Agiza vipande 30 vya msingi, 12 vya nusu, 12 vyenye urefu maradufu, na 6 vya pembetatu kwa ajili ya mapaa. Fundi akivikata kwa kukisia, mnara wa ghorofa ya nne utaanguka kila mara na watoto wataviacha. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu mafundi wengine hudhani kwamba kitu cha mtoto hakihitaji usahihi.

Mambo mawili usiyafanyie mzaha. La kwanza, mbao zisiwe masalia ya mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi kwa mbali, kwa kuwa dawa hizo ni sumu na mwanao mdogo atatafuna kila pembe. La pili, zisipakwe rangi. Zipigwe msasa hadi pembe ziwe butu, kisha zipakwe mafuta ya nazi kidogo na kufutwa. Rangi ya mbao yenyewe inatosha, na kipande kisicho na rangi kinaweza kuwa mkate leo na simu kesho, ilhali kilichopakwa nyekundu kitang'ang'aniwa na watatu.

Halafu mfuko. Hapa ndipo penye dawa ya ule ulimi wa mama mkwe. Mpelekee fundi cherehani wa mtaani kwako mita mbili za kitenge kizito na umwambie ashone mfuko wenye kamba ya kukaza mdomo na mishikio miwili imara, watoto wawili waweze kuubeba pamoja. Akiwa na masalia ya vitenge vya wateja, mwombe na hayo, kwani mafundi wengi huyatupa. Vipande sitini vikiletwa ndani ya gunia ni kuni kweli, na mama mkwe atakuwa na haki ya kusema. Vikitoka ndani ya mfuko wa kitenge, vikiwa laini, vinang'aa kwa mafuta na vinalingana, hata mtu mzima atataka kukishika kimoja. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na ambaye kwake limetoka lile neno la Kijerumani, kindergarten, wanalolitumia watu wengi duniani kwa shule ya chekechea, aliviita vichezeo vya wanafunzi wake zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita ya sufu. Ya tatu ilikuwa mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba minane midogo, basi, na ulikuwa ukitolewa ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Alijua kwamba mtoto pia hupokea kwa macho.

Vitu vidogo vya kila mmoja havitakugharimu sana. Watano walio na miaka 6, 7, 8, 10 na 11 wape tochi ndogo kila mmoja, zile za betri za kawaida au za kuchaji. Wawili wakubwa, wa miaka 10 na 11, waongezee kamba nzuri ya katani yenye mita kumi, kwa sharti kwamba bembea yoyote itafungwa na mtu mzima. Umri huo ndio tunaousahau: tunadhani wameshakua, tunawapa nguo, na kumbe ndio wenye uwezo wa kujenga kitu ambacho wadogo watakichezea wiki nzima. Wa miaka 5, 4 na 3 wape kila mmoja furushi la vipande vya vitenge na nusu ya kanga. Kanga kuukuu inafaa zaidi kuliko mpya kwa sababu ni laini na inafungika. Itakuwa joho, mbeleko ya mwanasesere, nyumba chini ya meza, bahari. Mwanao mdogo mletee vikombe vya plastiki vya ukubwa mbalimbali vinavyoingiana na kopo lenye mfuniko. Atajaza na kumwaga mpaka alale.

Wengine wangekushauri kuwatengenezea wadogo kinyunya cha unga wa ngano, chumvi na mafuta. Mimi sikushauri, kwa sababu unga ni chakula na bibi wa Rombo hatavumilia kuona kilo mbili zinafinyangwa ng'ombe huku yeye anatazama. Udongo wa huko ni mwekundu, unashikana, na hauuzwi.

Kuhusu mdogo huyo, pima kila kitu kitakachoingia uani kwa kiini cha karatasi ya chooni: kinachopita ndani ya bomba hilo kisifike mikononi mwake. Gololi, visoda, mbegu na kete za bao ziwe za wakubwa na zirudishwe mahali pa juu. Maputo yaliyopasuka yaokotwe mara moja, kwa maana kipande cha puto hunasa kooni kuliko watu wanavyodhani. Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni betri ndogo za mviringo kama kitufe, zilizomo katika midoli inayoimba na kadi zenye muziki. Ikimezwa na kukwama kooni, betri ya namna hiyo inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Zawadi yoyote itakayoletwa na yeyote, geuza uone kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Kama haukufungwa, ikae kabatini, na hapo usione haya mbele ya mtu. Mkimshuku mtoto kuwa ameimeza, msisubiri dalili, mkimbizeni hospitali.

Sasa wifi yako. Usishindane naye, wala usimhubirie katika kundi la familia. Sioni katika barua yako kwamba ni mtu mbaya. Naona dada anayewapenda watoto wa kaka zake na anayependa ijulikane, jambo ambalo wewe nawe uliliungama uliposema ulijiona mtu. Vishikwambi ni vya wanawe na nyumba yake ina taratibu zake. Ukiulizwa, unaweza kusema kwamba Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na wa umri wa mwaka mmoja wasikalishwe hapo kabisa. Lakini lisemee kwa wako wawili wadogo tu, na uishie hapo.

Jambo la maana zaidi ni saa ya kutoa. Usitoe zawadi yako asubuhi ya tarehe 25. Asubuhi hiyo ni ya wifi, na haki yake aipate. Vikiwekwa sambamba, kitu kinachowaka taa kitashinda kwa nusu saa ya kwanza, na watu wazima huwa wanatoa hukumu katika nusu saa hiyo hiyo. Asubuhi toa vile vidogo, isipokuwa tochi, ambazo utazitoa giza likiingia. Mfuko wa kitenge ulete barazani tarehe 26 mchana, wakati nyama imetulia tumboni na vya jana vimeanza kugombaniwa. Usitangaze, wala usieleze vinachezwaje. Umwage, ukae chini sakafuni, uanze kujenga kitu chako mwenyewe kimyakimya, zizi la ng'ombe wa babu kwa mfano. Kwa dakika kumi na tano hivi utakuwa peke yako na wa miaka 3. Kisha atakuja mmoja kukuambia kwamba zizi lako halina mlango. Ukimwachia nafasi yako na kwenda kuosha vyombo, kazi yako imekwisha.

Mama mkwe mhusishe mapema. Mwulize kwa simu yeye na ndugu zake walikuwa wanachezea nini walipokuwa watoto, na kama anaweza kuwaonyesha wajukuu namna ya kusuka mpira wa majani makavu ya migomba. Mtu aliyeombwa ujuzi wake ni nadra kuwa mstari wa mbele kuita kazi hiyo kuni. Na matofali yatakapobaki kwake mtakapoondoka, wale watatu wa shemeji, ambao kila Januari huwaona binamu zao wakipakia vitu vizuri kwenye basi, watakuwa wamebaki na kitu cha kuchezea mpaka Desemba nyingine. Hilo mwambie shemeji, si kundi zima.

Limebaki gari la rimoti. Mnunulie. Mtoto aliyeomba jambo moja tangu Pasaka bila kubadilisha amekuonyesha kwamba analitaka kweli, na mimi siungi mkono wazazi wanaomnyima mtoto ombi la miezi minane kwa sababu wameshawishika na falsafa ya michezo, iwe yangu au ya mwingine. Ila usilipeleke Rombo. Gari moja kwa watoto tisa ni vita, na hutakuwa na muda wa kuamua. Mpe nyumbani Tabata mkirudi, shule ikiwa bado haijafunguliwa, na likiharibika usilitupe: tafuta bisibisi, mlifungue pamoja, umpe mota yake aifungie kwenye gari la waya au la maboksi. Kwa wavulana wengi hapo ndipo mchezo wenyewe huanzia.

Na leo jioni, kabla hujampigia shemeji, mwandikie wifi ujumbe wa faragha. Mwambie watoto bado wanakumbuka hoteli ya mwaka jana, na kwamba unamwomba jambo moja: maboksi ya vitu atakavyoleta yasichanwe wala kutupwa, makubwa hasa, ayapakie garini jinsi yalivyo. Wewe unasafiri kwa basi, huwezi kuyabeba, yeye anaweza.